Kumbukumbu ya Bibi Émérance, Aliyepima Maumivu kwa Bido

Mwaka umetimia, Bibi Émérance, tangu Taifa la Burundi, Ziwa Tanganyika na samaki wake wote, pamoja na nchi jirani zilizokuhifadhi ukimbizini, walipopatwa na pigo zito la kukukosa.

Binti yako Beatrisi, ambaye nyumbani anaitwa Mama, ameagiza samaki waondolewe. Mwanao, Mjomba Lameki, anasema nchi jirani hazijaleta rambirambi mpaka leo, kwa hiyo nazo zitoke. Basi tuseme kama ilivyo: mwaka umetimia tangu homa ya ghafla ikuondoe katika nyumba yako hapa Rumonge, na waliopatwa na pigo ni sisi tu, watu wa kutosha mkeka mmoja na miguu ikabaki nje.

Jumamosi hii tunaganduka. Wewe unajua maana yake, lakini kwa msomaji asiyejua: ni siku ya kuondoa msiba. Fanta zimeagizwa, viti vimeazimwa kanisani, na Mjomba Lameki atasimama aseme kwamba kuanzia saa hiyo watu wa nyumba hii waoe, walime, wacheke, huzuni imekwisha. Tumechoka, Bibi. Mwaka wa msiba unachosha kuliko mwaka wa kulima, na wengi wetu tunaingoja Jumamosi kama mtu anayengoja kutua mzigo. Ni mjukuu wako mmoja tu, anayesoma shule ya bweni na ambaye jina lake tunalificha kwa heshima ya ukoo, asiyejua kama huzuni yake itamsikia Mjomba.

Tunakukumbuka kwenye kinu cha mawese kule Kizuka, kitenge kimefungwa kiunoni, mikono myekundu mpaka viwikoni. Ulikuwa ukionja mafuta kwa kidole na kumtazama mwuzaji mpaka akiri mwenyewe kwamba ameyachanganya. Hukumwacha mtu aondoke mlangoni pako mikono mitupu, hata kama kilichokuwepo ni ndagala wa jana, dagaa wa ziwa letu. Mtoto akikataa ndagala wa jana, ulimwuliza kama amewahi kula mahindi ya kambini. Hakuna aliyekataa mara ya pili.

Tunaikumbuka pia nyonga yako. Uliteleza pale kinuni na bido, dumu la mafuta, kichwani, mfupa ukavunjika. Ulitibiwa, mfupa ukaunga. Picha ya radio, ile ya kuonyesha mifupa, ilipotoka, Mjomba Lameki aliiinua juani akatangaza kwamba hata yeye hana mfupa mzuri hivyo. Lakini wewe uliendelea kuumwa. Miaka ikapita, ukaendelea kuumwa. Ukaacha kinu, ukaacha kwaya, ukawa unalala umegeukia ukuta huku chakula kinapoa. Tukasema, kwa sauti ya chini ambayo uliisikia, kwamba Bibi amezoea kubembelezwa. Mjukuu yule aliigiza mwendo wako mbele ya wenzake, kwa ufundi ambao hatutausifu hapa.

Ndipo akaja Daktari Elda, mtafiti kutoka Bujumbura. Alikuwa anachunguza ubongo wa watu wenye maumivu yasiyoisha na wa watu waliozamishwa na huzuni, maana mambo hayo mawili mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja. Alichelewa sana, kwa kuwa basi dogo liliishiwa mafuta karibu na Magara, na alifika amepakata sanduku lenye kofia ya nyaya. Kofia hiyo ilisikiliza umeme mdogo wa ubongo. Haikutibu kitu, na Daktari hakuficha hilo.

Kwanza alikuomba upime maumivu yako kwa namba, kuanzia sifuri mpaka kumi. Ukamjibu kwamba namba ni za sokoni.

"Maumivu yangu iko kama bido," ulisema. "Leo imejaa mpaka kwenye kifuniko."

Tangu hapo hakukuuliza tena namba. Aliuliza bido iko namna gani, nawe ulijibu robo, au nusu, au inamwagika, na yeye aliandika hivyo hivyo.

Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima, ikabaki mashine ya Daktari kwa betri yake. Mjukuu yule alitoka nje na uso wa shemasi, akawaarifu majirani kwamba kofia ya Daktari inatoa umeme kichwani mwa Bibi, na mwenye simu iliyozimika ailete ichajiwe. Walikuja, Bibi. Jafari fundi baiskeli alileta simu mbili na tochi. Ulipouona ule mstari mlangoni ulicheka mpaka kofia ikahama, na Daktari Elda akalalamika kwamba mistari ya mashine yake imerukaruka yote, kazi imeharibika. Kisha, kwa kuwa mtafiti hawezi kujizuia, akauliza bido. Ulifikiri kidogo.

"Nusu," ulisema, ukajishangaa mwenyewe.

Siku hiyo alituketisha. Alisema mfupa ulipona zamani, lakini ubongo ulikuwa umejifunza maumivu na bado unayapigia kengele, kama mlinzi ambaye hakuambiwa kwamba moto umezimwa. Akasema baadhi ya sehemu za ubongo zinazobeba uchungu wa mwili hubeba pia huzuni, ndiyo maana kimoja hukiita kingine. Jinsi hasa kinavyokiita, ndicho walichokuwa bado wanakitafuta. Na tusiende kutangaza kwamba kicheko ni dawa. Kilichoonekana ni kwamba bido inaweza kupungua. Mjomba Lameki akauliza kama, kwa kifupi, mama yake anaumwa au haumwi.

"Anaumwa," alisema Daktari. "Hadanganyi."

Ulitutazama mmoja mmoja. "Mumesikia sasa," ulisema, ukaenda kulala, na ulilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Hukupona. Alikutafutia dawa, akakupangia mazoezi ya kutembea kidogo kidogo. Siku nyingine bido ilibaki robo, siku nyingine ilimwagika. Lakini hakuna aliyekuita mvivu tena, na ulirudi kwaya ukawa unaimba umekaa.

Sasa turudi kwa mjukuu asiye na jina. Huyu aliwahi kulazwa katika chumba cha wagonjwa cha shule kwa malaria aliyoitengeneza kwa kipimajoto na kikombe cha chai ya moto, na mtihani wa hesabu ukampita kwa amani. Kwa hiyo mwaka huu alipokwenda akasema kwamba hali chakula vizuri, halali usiku, na mgongo unamuuma bila kuanguka popote, muuguzi alimkagua, hakuona kitu, akamuuliza kuna mtihani gani. Akamjibu kwamba ni fizikia. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Bado anafanya utani, na wenzake hawajaona tofauti. Yeye anaiona. Wao wakiwa bado wanacheka, kicheko chake kimeshakwisha, na anasubiri wamalize ili akalale. Anauliza, kwa heshima zote, kama kuna utaratibu wowote kwa mtu ambaye kengele yake haitaambiwa kwamba Jumamosi msiba umekwisha.

Hapo ndipo tangazo hili la kumbukumbu lilipopaswa kuishia. Lakini Mama alitaka kulisoma kabla halijapelekwa kanisani, ahakikishe samaki wametoka. Alianza kusoma amesimama, akamaliza ameketi.

"Huyu mujukuu ni nani?"

Alijibiwa kwamba ni mtu wa kubuni, amewekwa kwa ajili ya mapambo.

"Bibi iko na wajukuu wangapi kule internati, Clever?"

Mmoja, Bibi. Ni mimi. Nimeandika kila mstari nikijificha nyuma ya "sisi," na mzaha wa kunitoa hapo nilikuwa nao tayari mdomoni. Mama hakuungoja. Aliweka karatasi chini, akauliza kama ulivyokuwa ukiulizwa wewe:

"Leo bido iko namna gani?"

"Inamwagika, Mama."

Hakuuliza kuna mtihani gani. Alimwita Mjomba Lameki, akamwambia asitangaze kwamba huzuni imekwisha. Aseme anayeweza aitue, na asiyeweza atapokewa mzigo. Mjomba alisema hotuba ameshaikariri. Mama alimtazama kama ulivyokuwa ukiwatazama wauza mafuta. Ataibadilisha. Wiki ijayo, basi likipata mafuta, mimi na Mama tunakwenda Bujumbura kwa Daktari Elda. Ameniambia nisifute neno hata moja hapa.

Wanaokukumbuka ni binti yako Beatrisi. Mwanao Lameki, aliyeamini picha. Wanakwaya, ambao hawajamkalisha mtu kwenye kiti chako. Jafari, ambaye simu zake hazikujaa. Na mjukuu wako Clever, kwa jina lake. Utabaki nasi, Bibi, Jumamosi ikipita na baada yake.