Njiwa Niliyemgeuza

Jumanne, 1 Septemba
Wafalme wa Ufaransa walihangaika miaka mia wakashindwa kuufuta msalaba wetu — mimi Élie nimeuboresha asubuhi moja! Stika mia nne za msalaba wa Wahuguenoti, sisi Waprotestanti wa Ufaransa, dhahabu juu ya buluu, za mkutano wa Jumapili. Aliyeuchora zamani alimning'iniza njiwa kichwa chini, kama kuku wa sokoni. Nikamgeuza. Sasa anapaa. Shule niliacha, akili sikuacha!

Ya kwanza nimeibandika kwenye Biblia ya ukoo, ukurasa wa majina. Bibi ataiona Jumapili akiifungua mbele ya watu. Atalia kwa furaha, namjua.

Jumatano, 2 Septemba
Mama mchungaji Fabrègue kaja karakana yetu ya uchapaji. Kaishika stika, kaigeuza huku, kaigeuza kule. Eti, Élie mwanangu, huyu njiwa anakwenda wapi? Mbinguni, nikamjibu, kwani wapi tena! Kacheka mpaka kaketi. Kumbe ni Roho Mtakatifu, anatushukia. "Na wewe umemfukuza!"

Mjomba Abel, mwenye karakana, hakucheka. Zote zichapwe upya, leo leo. Sasa kila anayepita mlangoni: "Mfukuza Roho, hujambo?" Sijambo!

Halafu nikaikumbuka Biblia. Nikakimbia nyumbani.

Ijumaa, 4 Septemba
Stika haitoki. Gundi ya stika za magari — mimi mwenyewe niliichagua, nikajisifu haiogopi mvua wala theluji. Nimejaribu mvuke wa birika. Bibi Suzette kachungulia jikoni.
"Unapika nini, we jambazi?"
"Chai, bibi."
"Tangu lini wewe na chai?"
Biblia nilikuwa nimeikalia.

Jumamosi, 5 Septemba
Imetoka! — na kipande cha ukurasa.

Bibi anaita toka chini. Nimletee Biblia, ajizoeze kusoma majina ya kesho. Kila mwaka huanza na jina la juu kabisa: Marie Roumejon, aliyefungwa mnarani kwa imani yake, aliyeificha Biblia hii isichomwe. Askari wa mfalme waliipekua nyumba hii mara tatu, hawakuligusa jina lile. Sasa pana tundu. Jina limeganda nyuma ya njiwa wangu, halisomeki.

Bibi anapanda ngazi. Taratibu, magoti yanamuuma — ananiita "mjukuu wangu".

Njiwa si kitu, njiwa nilimchapa upya. Nilijiambia wino umefifia, jina sikuliona. Uongo. Jina nililiona. Nikaona stika yangu inapendeza zaidi pale pale juu yake.