Bomu la Nne Nyumbani kwa Bwana Murad

MAELEZO YA SHAHIDI, KITUO CHA POLISI, JEDDAH
Tarehe: 16 Oktoba 2025, saa nne asubuhi
Jina: Emmaculate Kwamboka Nyaribo
Umri: Miaka 31
Kazi: Mfanyakazi wa nyumbani
Makazi: Kwa kafili wangu (mwajiri anayenidhamini), Bwana Murad, mtaa wa Al-Nuzha

Ninaeleza kwa Kiswahili kupitia mkalimani, Bwana Haidar.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa kumi jioni, Salem, kakake madam, mke wa Bwana Murad, alifika kutoka Riyadh, ambako anauza vitu vya kale. Alileta mzinga mdogo uliotumiwa vitani na askari wa miguu wa Italia. Una mto wa ngozi ambapo askari alilaza kifua akifyatua. Alileta pia mabomu yake manne, akasema yote ni matupu, niyasugue kwa sababu mteja anakuja Ijumaa.

Matatu yalikuwa mepesi. La nne lilikuwa zito, na kifuniko chake kilionekana hakijawahi kufunguliwa. Nilimwambia. Akajibu, "Mafi mushkila, hakuna shida, sugua." Kisha akaniagiza, bosi, Bwana Murad, akiniuliza, niseme nimeyaona yote yakiwa wazi. Hapo nikaanza kumshuku, kwa sababu sikuwa nimeona hivyo.

Nililiacha mezani. Nilimtoa Safa, binti wa madam mwenye miaka sita, nikamkalisha kando ya barabara nje ya lango. Niliporudi mlangoni Salem alikuwa ameshika koleo, anakifungua kifuniko. Nilimpigia bosi simu kazini. Nikamwambia, "Baba, Salem anafungua bomu na naona halijafa." Bosi ndiye aliyewaita polisi. Walifika saa kumi na moja na nusu, wakatutoa sote nje. Jana niliarifiwa kwamba walililipua jangwani, na lilikuwa zima.

Jana hiyohiyo asubuhi madam alinipa karatasi ya Kiarabu nitie sahihi. Nilimuuliza ni ya nini. Akasema, "Ya ikama tu," yaani kibali cha kuishi hapa. Ikama yangu haijaisha. Niliipiga picha karatasi hiyo nikamtumia rafiki yangu Risper, wa mtaa wa Al-Mahjar, anayejua kusoma Kiarabu. Iliandikwa kwamba bomu hilo nililiokota mimi stoo, nikalichanganya na yale ya Salem. Sikusaini. Tangu hapo Safa amekatazwa kuja jikoni.

Nimeulizwa kama nina kinyongo na Salem. Sina. Nimeulizwa kama naogopa. Ndiyo, pasipoti yangu iko kwa madam.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa kwa lugha yangu, na hii naisaini kwa sababu naielewa.

Sahihi: E. K. Nyaribo

Maandishi ya afisa: Picha ya karatasi imepokelewa kama kielelezo. Salem yuko mahabusu. Kafili ameitwa, na saa saba mchana amemkabidhi shahidi pasipoti yake mbele yangu. Shahidi hakutaka kurudi Al-Nuzha. Ameondoka na Risper.