Elisafani Asiye na Mwenzake

Jumanne, 2 Juni

Sijamwambia mtu. Si Mama, si dada. Nimempa mtoto wa watu jina, na mtoto mwenyewe simjui.

Ilikuwa mwezi wa tatu, wiki yangu ya kwanza hapa ofisi ya vizazi, nilipoanza kibarua cha kusubiria matokeo ya mtihani. Fomu zinakuja kwa mafungu kutoka hospitali, mimi naziingiza kwenye kompyuta. Moja ilikuwa haina jina la mtoto. Nikaliacha pengo – kompyuta ikagoma. Nilitakiwa kumuuliza Msomi, karani wa dirisha la pili (anaitwa hivyo kwa sababu ya miwani, si ya vitabu). Kuuliza tu! Nikaona haya.

Rafuni kuna kitabu kinene cha majina, jalada lilishang'oka. Nikawaza: nikiandika jina la kawaida litapotea kati ya mamia. Nichague lisilo na mwenzake, kesho nilitafute, nilione mara moja, nilifute. Nikaandika Elisafani. Jioni Mama Muhuri, mkuu wetu, akaifunga siku kwenye kompyuta. Siku ikishafungwa haifunguliwi ila kwa sahihi yake. Nikaona haya tena.

Leo mama wa mtoto amekuja kuchukua cheti. Joto lote hili kajifunga mtandio shingoni. Akasoma jina. Akalisoma tena. Akauliza nani kaliandika, nikasema sijui – Mungu nisamehe. Akauliza maana yake. Hiyo niliijua: Mungu amemficha.

Akapitisha kidole juu ya jina. Kisha akasema, liacheni.

Halafu akauliza, anwani yangu inatokea kwenye karatasi? Inatokea, nikamwambia. Kila nakala inatokea. Mtandio ukateleza. Alama za vidole vinne upande mmoja wa shingo, kimoja upande wa pili. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba sehemu ya mama ameandika jina la bibi yake, kwa hiyo baba wa mtoto akimtafuta kwa jina lake hatampata. Alisema "hatanipata" mara mbili, kama mtu anayejaribu kufuli.

Alhamisi, 4 Juni

Nimesoma kurasa zote zinazohusu jina lile wakati wa chakula. Elisafani wa kwanza alikuwa mwana wa Uzieli, binamu yake Musa. Ukoo wake ndio waliotunza sanduku la agano, meza na kinara. Ndugu wawili walipokufa ghafla ndani ya mahali patakatifu, yeye na nduguye ndio walioitwa kuwatoa. Watu wa kuitwa penye kazi ngumu. Kuna mwingine baadaye, mkuu wa kabila la Zabuloni, aliyekuwamo katika kugawa nchi. Basi. Baada ya hapo jina linaonekana kwa nadra sana. Kitabu kinasema hakuna nchi ambako limewahi kuvuma.

Kisha hili, kwa herufi ndogo chini kabisa: neno la Kiebrania lililomo ndani ya jina, la kuficha, ndilo lililotumika kwa mama yake Musa alipomficha mwanawe miezi mitatu. Na baada ya miezi mitatu alishindwa kumficha tena.

Nikaenda kuangalia fomu. Mtoto amezaliwa 17 Machi; miezi mitatu inatimia tarehe 17 mwezi huu.

Sikumaliza chakula changu.

Ijumaa, 5 Juni

Amekuja!

Nilisikia funguo kwanza. Anazizungusha kwenye kidole, zinalia chwi, chwi, zinanyamaza, zinalia. Shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Alimsalimia kila mtu. Akamwambia Msomi kwamba anataka nakala ya cheti cha mwanawe, mama yake amekipoteza. Mwezi wa tatu. Jina, Elisafani. Akacheka kidogo: shangazi wa mke wangu ndiye aliyeponyokwa na jina, mimi baba mzima sikuambiwa hata jina la mwanangu!

Msomi naye akacheka. Eti, hilo jina halina foleni, mzee, lipo moja tu nchi nzima. Alilikumbuka kwa sababu ndiye anayebandika ukutani orodha ya majina yanayoongoza, na huwa anayatania yale ya mkiani.

Nilikuwa nimesimama na faili mikononi.  

Mtandao ukakatika. Kabla ya leo sijawahi kuupenda mtandao kwa kukatika. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Alipokuwa anatoka akaniangalia, akasema, mbona binti unatetemeka, una homa?

Mimi ndiye niliyemwashia taa mtoto yule. Angeitwa jina la kawaida, angekuwa mmoja kati ya mia mbili.

Jumamosi, 6 Juni

Nimekumbuka kanuni! Ipo ukutani, nyuma ya mlango. Nakala hutolewa kwa jina la mtoto na mwezi wa kuzaliwa. Lakini watoto wakifanana majina katika mwezi mmoja, mwombaji ataje jina la mama kama lilivyoandikwa. Na lililoandikwa ni la bibi. Hataliweza.

Kwa hiyo anatakiwa Elisafani mwingine. Mmoja tu. Wa Machi.

Wamama wengi huja miezi miwili mitatu baadaye kujaza majina. Inabidi niwaambie. Mimi! Mama husema ningeolewa na ukuta, ukuta ungedai mahari yake kwa upweke.

Jumatatu, 8 Juni

Nimewaambia watatu. Kwa wa kwanza sauti haikunitoka, akadhani naomba kalamu. Wa pili alicheka mpaka mtoto akaamka: "Elisa-nani? Weee! Akitumwa dukani si atarudi jina limeishia njiani!" Foleni nzima ikacheka. Wa tatu alisema mtoto ana jina la babu yake na babu yuko hai, anangoja nje.

Funguo hazijalia leo. Lakini kila mtu akigusa mlango, nageuka.

Jumatano, 10 Juni

Nimempata.

Mama mnene, mcheshi, mtoto wake wa 9 Machi, mgongoni. Alikuwa anamlalamikia Msomi kwamba familia ya mume imeleta majina sita na hajapenda hata moja. Nilimwona, nikapumua, nikaanza: Mama, shikamoo, kuna jina. Nikamwambia lote. Sanduku la agano, waliobeba yaliyowashinda wengine, mama aliyemficha mwanawe. Sijui maneno yalitoka wapi. Akaniuliza, maana yake? Nikamwambia. Akageuza shingo akamtazama mtoto wake. Akasema alipoteza wawili kabla ya huyu. Akasema, basi huyu na afichwe.

Akaliandika mwenyewe, herufi kubwa. Cheti atachukua Jumatano ijayo.

Msomi ananitazama kwa juu ya miwani. Eti, kumbe bubu wetu ana mdomo! Unalipwa na Waebrania?

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Ijumaa, 12 Juni

Funguo. Chwi, chwi.

Msomi akatafuta. Akasema, samahani mzee, sasa ni wawili, taja jina la mama. Yule bwana akalitaja la mke wake. Hakuna. Akaliunganisha na la baba mkwe. Hakuna. Upole ukamtoka usoni, kama mtu aliyevua kofia. Akasema wiki iliyopita alikuwa mmoja! Msomi akasema, majina ni kama mvua, mzee, likianza tone… Yule bwana hakucheka.

Akasema, nipe zote mbili. Msomi akasema hapana, kanuni. Akasema sawa. Akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho. Alikaa hapo mpaka tunafunga, anawatazama wanaoingia na watoto.

Mama Muhuri alinisimamia mezani jioni. Ana rejista mkononi. Akauliza tu, hili jina unalipenda sana, mwanangu? Nikasema ni zuri. Akasema, mm. Akaondoka. Mm yake nimekuja nayo mpaka nyumbani.

Jumatatu, 15 Juni

Benchi la mwisho. Tangu asubuhi. Ana haki, Msomi anasema, benchi ni la wananchi.

Jumanne, 16 Juni

Benchi.

Nimeshindwa kula. Mama kanishika paji la uso, akasema kazi gani hii inamkondesha mtoto kama mshumaa. Nilitaka kumwambia. Nikasema ni joto.

Jumatano, 17 Juni

Naandika chumba cha mafaili. Mlango umefungwa kwa ndani. 

Sikufikiri. Wiki nzima nawaza kumficha mmoja, sikumfikiria wa pili hata kidogo! Tunavyotoa vyeti hapa, Msomi anaita jina la mtoto kwa sauti, mama anasimama. Saa nne na nusu akaita: "Elisafani!"

Mama mcheshi akasimama, mtoto mgongoni. Na benchi la mwisho likasimama.

Alidhani nini, sijui. Labda kwamba huyu ni ndugu wa mkewe, ametumwa kuchukua. Alimwacha apokee. Alimwacha aweke cheti kwenye mkoba, amtanie Msomi, aage. Halafu akamfuata. Funguo hazikulia. Alikuwa amezikunja ndani ya ngumi.

Nilipiga kelele. Mimi. Nilisema, "Mama! Rudi! Usitoke!" Ofisi nzima ikaganda. Mama yule akageuka akiwa mlangoni, na mkono wa yule bwana tayari uko kwenye mkoba. Sikumbuki kuruka kaunta. Goti linatoka damu, kwa hiyo niliruka. Nilimshika mama kiuno nikamvuta, Msomi naye akaja, miwani ikaanguka, na Mama Muhuri akatokea ofisini kwake akasema neno moja, "Ndani," akatusukuma humu sisi watatu, mimi, mama na mtoto.

Mkoba tunao. Cheti kimo.

Mama Muhuri aliingia mara moja. Nikamwambia, si yote, sehemu ya mwanzo tu, jina, haya zangu. Akasema, nilijua tangu Ijumaa kwamba hupendi jina, unaogopa kitu. Nilingoja uniambie mwenyewe. Akanipa karatasi ya ofisi. Polisi wanakuja, akasema, andika kila kitu tangu mwanzo. Akatoka, akatwambia tufunge.

Mama mcheshi hacheki. Amekaa juu ya boksi la fomu za zamani, ananyonyesha. Nimemwambia ukweli kwamba jina la mwanawe nilimpa kwa ajili ya mtoto mwingine. Nilidhani atanizaba kofi.  Akauliza, ile maana uliyoniambia, ya kweli au uliitunga? Nikasema, ya kweli, Mama. Akamfunika mtoto uso kwa kanga. Akasema, basi na wafichwe wote wawili.

Nje kuna sauti. Ya Msomi. Ya Mama Muhuri. Nyingine ni ile ya upole, imerudi, inaeleza kwamba yeye ni baba, anamtafuta mwanawe tu, kuna kosa gani. Kuna mtu anamwitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Simjui. Labda polisi wamefika. Labda wanamwamini.

Karatasi ya ofisi iko gotini, imeingia damu pembeni. Nitaandika kosa langu lote, na jina langu chini. Mtaa wa yule mama wa mtandio sitauandika. Wakiniuliza, nimesahau. Hata hapa sijauandika, umeona.

Mlango unagongwa. Hawajasema ni nani.

Wewe uliyesoma daftari hili unajua ni Elisafani yupi kati ya wawili anayetafutwa. Nakuomba, usimwambie mtu. Hata mimi nikija kukuuliza.