Lugha Tuliyoiita Ile

Jumatatu, 4 Agosti. Arua

Komeo la lango letu la Koboko. Chuma juu ya chuma, mara moja, halafu kimya. Baba alishakufa, lango lile lilishauzwa, na mlio bado ninao. Leo umenijia nikisahihisha insha za kidato cha pili. Kalamu ikasimama katikati ya neno la mtoto wa watu.

Jioni nimerudi kwenye sentensi. Kazi ya chuo ninakosomea isimu ni hii: kila mmoja wetu abuni lugha, atafsiri sentensi nyepesi tulizopewa, na chini ya kila neno aonyeshe kila kipande kina maana gani. Jua linawaka. Mbwa anakimbia. Mama anapika. Wenzangu wanabuni lugha za majini na za watu wa mwezini. Mimi sikubuni. Nimechukua ile.

Haikuwahi kuwa na jina. Mimi na dada yangu Letaru tuliitunga tukiwa wadogo, ili tuonyane baba anaporudi amelewa. Tuliambiana tu: sema kwa ile.

*Silu wari-ta.*
jua / waka-mbali
Jua linawaka.

Ile haina jana wala kesho. Ina umbali. Kitenzi kikiishia na -ta, jambo liko mbali, njiani. Kikiishia na -ke, liko langoni. Na -zo, liko chumbani. Hatukuhitaji zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Daktari anayetusimamia chuoni amepiga simu mwenyewe. Amefurahi. Anasema hajawahi kuona mwanafunzi akijenga kitenzi kwa umbali tu. Akauliza wazo nililipata wapi. Nikasema nilikaa nikafikiri. Anataka kazi yote kabla ya mwezi kuisha, aipeleke kwenye mkutano wa wanaisimu.

Nilijisikia mkubwa. Nilijisikia pia mchafu.

Nimekwama kwenye sentensi moja: Baba anakuja. Katika ile hakuna neno la baba. Kitenzi *rim*, kuja, hakina mtenda. Hakikuhitaji. Aliyekuja alikuwa mmoja.

*Rim-ta.* Anakuja, yuko njiani.
*Rim-ke.* Yuko langoni.
*Rim-zo.* Hili tulilinong'ona tukiwa tumeshafika chini ya kitanda, na halikumsaidia mtu.

Maneno mengine nimeyasahau. Ndege. Mvua. Kucheka, kama lilikuwepo. Jumamosi nitakwenda Koboko kumuuliza Letaru. Yeye ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa nafuata.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi. Nitaandika kwa mpangilio.

Nilimkuta Letaru nyumbani kwake akipima mafuta ya mawese kwa ajili ya soko. Amekonda. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akaweka kopo chini. "Ticha, wewe iko na kazi ya bure. Watu natafuta sukari, wewe natafuta maneno ya watoto." Nikacheka naye. Nikauliza neno la ndege. Akasema amesahau. La mvua? Amesahau. "Ile ilikufa na mzee," akasema, akiangalia mafuta, si mimi.

Nilimwamini. Nilisikitika hata, kama mtu aliyechelewa mazishi.

Shemeji, mume wa Letaru, alikuwa amepeleka mizigo Yei, arudi Jumapili. Tukala. Neema, binti yake wa kwanza, alikaa kizingitini akimenya karanga, ametupa mgongo. Pikipiki ikasimama nje. Neema hakugeuka. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi:

"Rim-ke."

Letaru akazima redio. Mdogo wake Neema akaingia chini ya meza na sahani yake, tonge mdomoni. Na mimi, mwalimu, mwenye shahada, nikainua miguu yangu juu ya kiti. Mwili haukuniuliza.

Shemeji aliingia akicheka, amerudi siku moja mapema. Ameniletea machungwa. Akaniita ticha, akauliza nitaolewa lini naye ale mbuzi. Alimuuliza Letaru kwa nini redio imezimwa, nyumba iko kama msiba. Ni mtu mzuri sana mbele ya wageni. Baba pia alikuwa hivyo.

Nilichukua machungwa. Nilisema asante.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia neno. Hakuna anayemfundisha mtoto lugha ile kwa mchezo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetoka shuleni nimemkuta Letaru mlangoni kwangu na watoto wote wawili na mfuko mmoja wa nguo. Mdomo umevimba upande wa kushoto. Nilichemsha maji.

Anatakiwa awe kwa baba mdogo, Koboko. Mwanamke akitoka kwa mume anarudi nyumbani kwa baba yake, na baba mdogo ndiye amebaki badala ya baba. Kukimbilia kwa dada, tena dada asiyeolewa, anayepanga chumba hapa Mvara, ni aibu. Watasema. Nilimwambia hivyo kwa upole. Akasema: "Nyumba ile ndiyo ilinifundisha kuvumilia. Mi haiendi kule tena kusoma."

Watoto wamelala kitandani kwangu. Sisi chini.

Alhamisi, 14 Agosti

Letaru ameulizia nafasi sokoni. Neema amehesabu milango ya hapa: mmoja. Hakuipenda hesabu hiyo.

Sentensi sijazigusa. Nikiona "Mama anapika" kwenye karatasi namwona dada yangu, na mkono unakataa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeharibu.

Niandike jinsi ilivyokuwa. Saa za mchana mvua kubwa. Nilirudi nikakuta wanaume watatu barazani, wamelowa: shemeji, kaka yake mkubwa, na baba mdogo waliyemchukua njiani ili neno liwe na mwenyewe wa upande wetu. Letaru alikuwa ndani, hajatoka. Watu wazima, maji yanawatiririka shingoni. Mmoja ndiye baba yangu sasa. Nikafanya nilicholelewa kufanya. Niliwasha jiko. Nikawapa chai ya maziwa, nikapiga goti nikipokeza.

Kwetu watu waliokuja kumrudisha mke hawapewi kitu mpaka neno liishe. Wanakaa na kiu yao. Wakinywa, neno limeisha na mke anarudi. Nilijua. Nilijua kama mtu anavyojua methali. Mikono yangu haikujua.

Letaru alitoka wakati nammiminia wa mwisho. Alisimama. Sitausahau uso ule.

Kaka wa shemeji ni mcheshi. Alisema chai ya mjini iko na maziwa mingi, sukari hii itamsahaulisha mutu hata kabila. Watu wakacheka. Baba mdogo alikuwa ameshika kikombe tu, anakitazama. Kisha akanywa, kwa sababu ya baridi, au ya uzee, au kwa sababu mimi ndiye nilimpa. Kaka yule akapindua kikombe chake kitupu juu ya sinia.

"Tumekunywa."

Imekwisha. Watakuja Jumapili kumchukua. Shemeji aliniaga kwa mikono miwili.

Walipoondoka nilianza kulia. Letaru alikuwa tayari anakunja nguo za watoto. "Haikuwa ubaya, ticha," alisema. "Ilikuwa mikono tu." Ningependa anitukane.

Jumamosi, 16 Agosti. Asubuhi

Neema amemweka mdogo wake chini ya meza na anamfundisha. Anasema, yule anarudia. -Ta. -Ke. -Zo. Anamsahihisha kwa uvumilivu zaidi kuliko mimi darasani.

Halafu akasema neno nisilolijua. *Bamu.* Nikainama nikamuuliza maana yake. Akanitazama kama mtu anayepima kama nafaa kuambiwa.

"Ni kulia bila sauti, mama mdogo. Mama hakukuambia?"

Hatukuwa na neno hilo. Tulifanya hivyo lakini hatukuwa na neno. Lugha inakua. Daktari angeshangilia. Nilitoka nje nikasimama kwenye matope.

Nimemuuliza Letaru kama naweza kwenda kwa baba mdogo nikasema. Yote, ya shemeji na ya baba pia. Ya baba hatujawahi kumwambia mtu. Alikuwa akichambua mchele ambao ulikuwa safi.

"Sema," alisema. "Lakini usitie maua."

Naondoka sasa.

Jumapili, 17 Agosti

Jana nilimkuta baba mdogo nje ya nyumba yake, anageuza mihogo iliyoanikwa. Mkewe akanitandikia mkeka. Nilikataa maji. Aliona nimekataa, akaacha mihogo, akaja kukaa.

Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kwenye kazi yangu, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Nikamwambia: baba, mtoto wa Letaru ana neno. Neno lina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kuja. Cha pili ni langoni. Halisemi nani anakuja, kwa sababu katika nyumba ile hakuna mwingine wa kuogopwa. Mtoto akilisema, mama yake anazima redio na mdogo wake anaingia chini ya meza. Nikamweleza na *rim-ta*, na *rim-zo*, kipande kwa kipande, polepole, kama ubaoni. Nikamweleza *bamu*. Sikutia maua.

Kisha nikasema: Neema hakulitunga. Tulilitunga mimi na Letaru, katika nyumba ya kaka yako.

Mke wa baba mdogo alishika kinywa chake. Yeye baba mdogo hakushtuka. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anatazama upande ule, ambako ukuta wetu ulikuwa, ukipakana na wake.

"Tulikuwa nasikia," alisema. "Ukuta haikuwa nene."

Nilitaka kumchukia, na kwa muda nilimchukia kweli. Nikamwacha akae na maneno yake mwenyewe.

Alikaa nayo. Halafu alimtuma mkewe dukani, na akampigia simu kaka wa shemeji aje, hapo kwa hapo. Huyo alikuja na utani wake, akauliza kama bibi harusi amechelewa kufunga mizigo. Baba mdogo hakumkaribisha kukaa. Alisimama, mzee yule wa magoti mabovu, akachukua pakiti ya majani ya chai, sukari na chupa ya maziwa, akaniwekea mikononi mbele ya macho ya mtu yule.

"Chai nilikunywa kwa mtoto wangu, nimerudisha," alisema. "Neno haijaisha."

Yule akacheka. Akasema, "Mzee, chai ikishuka hairudi."

"Yangu imerudi. Yako kaa nayo."

Kicheko kikakatika. Alisema ataongea na watu wake. Alisema pia kwamba wasomi wanaharibu nyumba za watu, na hilo alilisema akiniangalia. Aliondoka bila kuaga.

Baba mdogo alirudi kwenye mihogo. Hakuniomba radhi, wala ya kwake wala ya kaka yake. Nilipokuwa naondoka alisema tu kwamba wakija Arua bila yeye, nisifungue.

Leo ni Jumapili. Tulikaa siku nzima tumefunga mlango. Hawakuja.

Jumatano, 20 Agosti

Shemeji ametuma machungwa kwa mtu wa boda. Letaru aliyagawa kwa majirani, gunia zima, hakubakiza hata moja kwa watoto. Neema alilia. Kwa sauti. Jirani akaja kuuliza kuna nini.

Daktari amepiga simu mara mbili. Sikupokea.

Jumapili, 24 Agosti

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Letaru amepata meza sokoni, ya kushirikiana na mama mmoja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Analalamika kwamba mama huyo anaongea sana. Uvimbe umeisha. Watu wa shemeji wanataka kikao kipya mwezi ujao, na baba mdogo amesema kitafanyika kwake, bila chai. Neema na mdogo wake wataanza shule hapa muhula wa tatu. Niliwaandikisha Ijumaa.

Nimesoma kwamba lugha ikipoteza msemaji wake wa mwisho, dunia imepoteza kitu. Nimewafundisha wanafunzi hivyo, na wameandika kwenye mitihani yao. Siamini kinyume chake. Lakini ile naitaka ife, na naitaka ife kwa mtoto mmoja, mdogo wake Neema, ambaye bado ana umri wa kusahau. Ikichapishwa, ikasomwa kwenye mkutano, itakuwa na jedwali na tarehe, na haitasahaulika kamwe. Watu watasifu vitenzi vyake.

Letaru sikumwomba ushauri. Nilimwambia tu baada ya kufanya. Alitikisa kichwa kukubali, akauliza kama nitafukuzwa chuo. Nikasema hapana, nitachelewa mwaka mmoja. Akasema mwaka si mtu.

Nilimwandikia Daktari jana. Nimeiondoa kazi. Sentensi nilizotafsiri nimezifuta zote, na zilizobaki sitazitafsiri.