Kamba ya Nguo za Mama

Jumapili, 27 Agosti

Nimechoka. Naanza na hilo, maana leo sina jingine la kweli zaidi.

Jana tulipiga Kansas, ukumbi wa maveterani, watu arobaini na mbwa mmoja. Leo mchana kutwa tunarudi Oklahoma kwenye vani isiyo na kiyoyozi. Mzee Odell, mpiga ngoma wetu, kalala mdomo wazi tangu mpakani. Garvin anaendesha huku akiimba vipande vya nyimbo ambazo hajazimaliza. Mimi niko nyuma na chuma changu, lile gitaa la kulazwa kama meza, lenye pedali za kukanyaga, zito kama ndama. Kila kona linaniangukia gotini.

Miaka kumi na moja ya bendi yetu, Geti Bovu. Hatuna kampuni, hatuna meneja. Tunarekodi kwenye ghala la nyasi la babake Garvin na kuuza sahani za muziki wenyewe mlangoni. Zamani nilijivunia kuyasema haya. Siku hizi nayasema kama mtu anayemtajia daktari maradhi yake.

Mama kapiga simu tukiwa njiani. Coy anatoka jela Alhamisi. Miaka sita ya mdogo wangu imekwisha. Nikasema vizuri, mama, nikakata.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimeamka alfajiri. Afadhali niandike.

Coy aliiba ng'ombe. Kumi na mmoja, kwa trela ya kuazima, wa jirani aliyetufundisha sote kuogelea. Hakuna anayesema hakustahili kufungwa. Mwaka wa tatu akaniandikia barua. Siku ile wanamchukua, gari la sherifu lilipita nyuma ya nyumba na mama alikuwa anaanika mashati yake. Coy anasema mama alilisikia gari. Hakugeuka. Alibana kibanio, akachukua kingine, akabana. Mwisho wa barua: dada, usimwambie mama kwamba nilimwona. Usimwambie mtu yeyote.

Nikamsomea Garvin.

Mvua ilikuwa inanyesha, tumeegesha nje ya mkahawa wa mnada wa ng'ombe, nalia, akauliza kulikoni. Ndiyo hivyo tu. Kabla skonzi na mchuzi mweupe havijafika mezani alikuwa na beti mbili kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mashati akayageuza mashuka, Oklahoma ikawa Texas. Mwanzo wa wimbo niliutunga mimi, chuma peke yake, kabla Garvin hajafungua kinywa kuimba. Na nilifurahi. Hilo ndilo linalonitia haya mpaka leo. Nilifurahi kwa sababu ni wimbo mzuri kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Sasa uongo wa Garvin. Watu wa muziki wetu watakusamehe sauti mbovu, watakusamehe kulewa jukwaani, lakini wimbo wa kutunga kichwani hawausamehe. Wanataka uwe umeyaishi. Mara ya kwanza kuupiga Garvin alisema, "Aliyeyasema haya yuko ndani." Watu wakasikia walichotaka: kwamba ni yeye mwenyewe, aliwahi kufungwa. Wakaja kumpa mkono wanaume wenye machozi. Hakuwasahihisha. Mara ya pili akanyamaza tena. Mara ya tano, redioni, akasema kabisa kwamba ni mama yake mzazi. Garvin Teel hajakaa rumande hata saa moja! Mama yake anapiga kinanda kanisani kwa Wamethodisti.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale studio. Sikukohoa hata.

Jumatano, 30 Agosti

Mazoezi ghalani. Joto la kuua, nyasi zinawasha shingo.

Nimemwambia Garvin: Jumamosi, maonyesho ya kilimo ya kaunti, tusiupige ule wimbo, Kamba ya Nguo. Mama atakuwepo. Hajawahi kuja kumbi za pombe, lakini maonyesho ni mchana, kuna keki na mbuzi, atakuja. Na Coy atakuwepo.

Garvin: "Hapa kwetu nyumbani? Watatupopoa na mahindi ya kuchoma."

"Na tupopolewe."

Mzee Odell kaweka vijiti chini. "Wewe ulisema umefungwa, kijana. Wewe ndiye wa kwenda kumwambia Coy hukufungwa."

"Mzee, mbona wewe kila baa unasema ulimpanda ng'ombe dume wa mashindano sekunde nane nzima kabla hajakutupa?"

"Saba," kasema Odell. "Na nina nyonga iliyovunjika ya kuonyesha. Wewe una nini?"

Nimecheka bila kutaka. Garvin si mtu mbaya, ubaya wake ni kushindwa kurudisha kitu alichopewa kwa mapenzi. Mwishowe kasema sawa, hatuupigi. Nimeendesha kurudi nyumbani nikijiona mwepesi kidogo. Ila bado ni lazima nimwambie Coy. Nitamwambia kesho, tukiwa njiani, wawili tu.

Alhamisi, 31 Agosti

Mama kakataa kuja kumpokea. Kasema maharage hayawezi kuachwa jikoni peke yake. Yaliwahi kuachwa, na mkate wa mahindi pia, lakini sikubishana naye.

Coy alitoka saa nne asubuhi na mfuko wa karatasi. Kakonda. Mvi masikioni, na ni mdogo wangu kwa miaka mitano. Tumekumbatiana kwenye maegesho mpaka askari akatwambia tusogeze gari.

Maneno nilikuwa nimeyapanga kituo cha mafuta. Coy, kuna jambo. Ule wimbo wetu. Nikavuta pumzi. Yeye akaanza.

"Dada, nataka kukuomba radhi."

Mimi? Nikauliza ya nini.

Anasema kule ndani kuna redio moja, ya karakana. Siku moja ukapigwa wimbo, akajua tangu mwanzo ni chuma changu kinalia. Kisha akasikia maneno. Kamba, vibanio, mama asiyegeuka. Akasema moyoni, Verna ameniuza. Wiki nzima hakula vizuri. Alianza kuniandikia barua ya kunikana, udugu ukome hapo.

"Halafu nikamsikia yule mwenzako anahojiwa," kasema. "Anasema ni mama yake mwenyewe. Alikuwa ndani, Texas. Nikaona aibu, dada. Nilikushuku bure. Nisamehe."

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili. Nikasema usijali.

Usijali! Ndiyo maneno niliyopata.

Na hakuishia hapo. Anasema tangu siku ile aliacha kujiona yeye peke yake duniani. Kumbe yuko mwanamume mwingine, mzima, anasimama mbele za watu na kusema mama yangu hakugeuka. Basi huenda mama wote hawageuki. Huenda ndivyo wanavyoweza kuvumilia. Aliyasema haya akiangalia nje, mashamba ya mtama yanapita, uso wake umetulia. Sijauona umetulia hivyo tangu tukiwa watoto.

"Jumamosi nitamshika mkono yule bwana," kasema.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa amesimama kibarazani. Hakulia. Akasema, "Nawa mikono, chakula kinapoa."

Sikumwambia Coy chochote. Niliogopa, basi. Najiambia nilimhurumia, lakini niliogopa.

Ijumaa, 1 Septemba

Mama kafua mashati yote ya Coy, hata yaliyokuwa safi kabatini. Kaanika asubuhi. Coy kakaa ngazini na kahawa, anamtazama mgongo.

Mimi nilikuwa mezani nabadilisha nyaya za chuma changu. Waya wa tatu nimeukata mara mbili.

Barua ya Coy imo kwenye kasha la gitaa, chini ya kitambaa. Miaka mitatu natembea nayo.

Jumamosi, 2 Septemba

Mchana, ndani ya vani. Tumemaliza kipindi cha kwanza. Mapumziko nusu saa, halafu cha pili. Nje wanapima nguruwe, mtangazaji anataja uzito kana kwamba anahubiri. Naandika ovyo.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Walipiga kelele kuomba Kamba ya Nguo mara tatu. Garvin katabasamu, kapiga wimbo wa trekta. Mama mstari wa pili kwenye kiti chake cha kukunja, mkoba magotini. Nilifikiri tumepona.

Kisha Coy akaja nyuma ya jukwaa. Kavua kofia mbele ya Garvin. Ndugu yangu, aliyekuwa havui kofia hata msibani.

"Kaka, naomba nikushike mkono. Ule wimbo ulinitoa shimoni."

Garvin kampa mkono. Akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Ulifungwa wapi?"

"Mbali," kasema Garvin. "Texas."

"Na mama yako, ulishamwambia kwamba ulimwona?"

Garvin kasema, "Bado."

"Mimi wangu nataka nimwambie leo. Kwa mdomo wangu siwezi kuanza, nimejaribu tangu juzi. Nimemwambia kuna wimbo nataka ausikie, ukiisha ndipo nitasema. Mtaupiga kipindi cha pili, eti?"

Garvin kasema ndiyo. Angesema nini!

Coy akaenda kumsogeza mama mstari wa mbele, upande wa chuma changu. Garvin kaja hapa, kakaa mlangoni mwa vani. Kasema, "Verna, yule mtu ananiita kaka." Kasema mara mbili. Anasema hawezi kuuimba mbele yake na hawezi kuacha kuuimba. Nikamwambia amwambie ukweli. Akasema ukweli wa nani? Akimwambia hakufungwa, Coy atajua maneno yametoka wapi, na siri hiyo haikuwa ya Garvin kuitunza, ilikuwa yangu. Ni kweli. Nilitaka kumpiga na ni kweli.

Akasimama. "Wewe ndiye unayeanza. Ukianza, naimba. Usipoanza, nitasema gitaa limeharibika, twende wimbo mwingine. Chagua."

Amekwenda zake.

Nikianza, Coy atafungua moyo kwa mama akimwegemea mfungwa wa Texas ambaye hayupo. Nikikataa, hatasema tena, namjua, atakaa ngazini miaka mingine sita. Na nikimwambia sasa hivi, katika dakika hizi saba, namnyang'anya kaka, dada na wimbo kwa mara moja. Aliniomba radhi kwa kunishuku kosa ambalo nilimwambia sikulifanya. Hapana, sikumwambia. Nilisema usijali.

Barua nimeitoa kwenye kasha. Imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Iko hapa, juu ya ukurasa.

Mzee Odell kagonga ubavu wa vani. Dakika tano, binti. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Anasema yeye tangu mwaka themanini na moja anangoja mtu wa kumwungamia kwamba zile sekunde zake juu ya ng'ombe dume zilikuwa nne tu.

Kutoka hapa namwona mama. Kaketi wima, kainamisha sikio kidogo upande wa spika, kama anavyofanya kanisani.

Hatua nje. Ni Coy, amekuja kunibebea kiti changu mpaka jukwaani. Amesimama mlangoni, ameona kalamu, ameona karatasi iliyokunjwa juu ya ukurasa, hajajua ni yake. Anacheka. Anauliza namwandikia nani barua —