Mafi Sukkar

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima, na safari hii sikudanganyi.

Mara ya mwisho nilikudanganya. Nilisema dawa za sukari nameza na chakula nakiangalia. Dawa nilimeza kweli. Chakula, Mama, ndicho kilikuwa kinaniangalia mimi.

Si ulitulea kwamba chakula cha mtu hakikataliwi? Sasa hapa Muaither ninakofanya kazi za ndani, kila alasiri mama yake tajiri wangu, tunayemwita Mama Kubwa, alikuwa akinywa karak, chai ya maziwa tamu kama uji wa mzazi, na hakunywa peke yake. Mwenzake nilikuwa mimi. Ugonjwa niliuficha, nikiogopa kurudishwa nyumbani. Na siku nilizokukumbuka sana, nilisimama jikoni nikamaliza tende zote zilizobaki kwenye sahani. Njaa sikuwa nayo. Nilikuwa mpweke.

Basi kliniki wakaniambia nikiendelea hivyo macho yataharibika. Nikajipa moyo. Chai ilipoletwa nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Mafi sukkar." Nilidhani nimesema sitaki sukari, kumbe nimesema sukari hamna. Mama Kubwa akaona chai haijanikolea, akanitilia vijiko vitatu na kunikorogea kwa mkono wake. Na mimi, binti yako mwenye adabu, nikanywa.

Kesho yake nikarudia maneno yaleyale, akatia vinne. Siku ya tatu machozi yakanitoka. Akauliza nina nini. Nikamwonyesha kidole ninachojitoboa nikipima, nikasema, "Ana sukkar." Mimi sukari.

Kisha akanikunjulia vidole vyake, navyo vimetobolewa kama vyangu. "Inti sukkar, ana sukkar," akasema, yaani wewe sukari, mimi sukari, akacheka mpaka shela ikamwanguka. Kumbe naye alikuwa akiwaficha wanawe ile karak, na alitaka mtu wa kukosea naye.

Siku hizi tunakunywa chai ya rangi yenye iliki, bila sukari, halafu tunazunguka ua tukiwa tumeshikana mikono. Tajiri alipojua hakunirudisha. Alininunulia kifaa kipya cha kupimia. Namshukuru Mungu, na huyu bibi namshukuru kila siku.

Nisalimie shangazi muuza mkaa, na mke wa kaka, mwambie sijasahau kitenge chake.

Nina ombi moja tu, Mama. Likizo iliyopita wageni walipoleta keki, uliwaambia nimefunga. Ulikuwa unafunika kombe mwanaharamu apite, na najua ulinisitiri kwa mapenzi. Lakini walipoondoka niliila ile keki chumbani, nusu nzima, nikilia. Desemba nikija, waambie, "Mwanangu ana sukari." Ukishasema wewe, sitakula tena kwa kujificha.

Binti yako akupendaye,
Mkamburi