Jalala Bila Tumbusi

Jumatatu, 4 Machi

Machinjioni tangu asubuhi. Tumbusi wamekufa. Wametapakaa kwenye jalala la matumbo, mbawa wazi, kama miavuli iliyoharibiwa na upepo. Wengine juu ya paa la bati. Ni sumu — hilo halina ubishi. Aliyeiweka hajulikani. Bwana afya kaapa kwamba akimpata atampeleka mahakamani.

Nikamuuliza shemeji, mume wa dada yangu. Anachinja pale miaka mingi, wenzake wanamwita Kisu. "Mimi naona nyama tu, shem. Ndege si idara yangu!" Wakacheka wote. Nikaandika aya nne za gazeti. Ukurasa wa sita.

Alhamisi, 7 Machi

Harufu imefika barabarani. Nimempigia daktari wa mifugo. Anasema tumbusi walikuwa wakimaliza mabaki kabla jua halijazama. Mbwa wakija usiku wanakuta mifupa. Sasa watakuta karamu. Mbwa akishiba anazaa, na watoto wake hawafi. Wakizidi wanagombana, wanang'atana, kichaa cha mbwa kinapita kwa mate.

Kwa hiyo aliyewaua tumbusi amefanya nini? "Amefuga mbwa," akasema, akakata simu.

Niliiweka kauli hiyo mwanzo wa habari. Mhariri kaitoa. Eti watu wanasoma wakinywa chai.

Jumanne, 30 Aprili

Mbwa kila mahali. Wamelala mchana kweupe nje ya geti la machinjio, wanene kama wana mshahara. Mama muuza mboga anatembea na fimbo. Inzi hadi kwenye chumba cha habari.

Sina la kuongeza. Nimelala saa tatu tu.

Jumapili, 16 Juni

Kwa dada, chakula cha mchana. Shemeji alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Yeye! Dada akanivuta jikoni. Ameng'atwa na mbwa Ijumaa, hapo kwenye kiganja, na hospitali hataki kuisikia.

Nikarudi mezani, nikamuuliza moja kwa moja. Akatazama mlango kwanza.

Ile sumu ya Machi ni yake. Alitaka kuua mbwa waliokuwa wanaingia kumwibia nyama. Akaiweka saa kumi jioni kabla ya kufunga geti, akaenda zake nyumbani. Mbwa wanakuja usiku. Tumbusi walikuwa juu ya paa, wanamwangalia akiiweka.

Miaka yote ile amefanya kazi chini yao, hakuwahi kujiuliza wanakula saa ngapi.

Alhamisi iliyopita kaweka tena. Safari hii usiku, kajifunza. Ijumaa akakuta mbwa anayumba, mate yanamtoka. Akamshika mkia amtupe nje. Mbwa akageuka.

"Ile ni sumu yangu, shem. Namjua maiti wangu. Si kichaa."

Mbwa yuko wapi? Kamchoma moto. Hakuna wa kumpima.

Dada akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Shemeji akamjibu kwamba hana maradhi, ana jeraha. Nikamwambia kichaa kikishaonyesha dalili, hakuna dawa. Nililisema kama ninavyosoma takwimu. Dada akanitazama vibaya. Nadhani alitaka nilie.

Nikaosha sahani.

Jumatatu, 17 Juni

Tumemleta. Dada kamwambia asipokwenda, yeye anahamia kwa mama leo leo. Kavaa shati la kanisani, mkono mfukoni.

Naandika kwenye benchi la zahanati. Sindano zipo, nimeuliza kabla hatujaketi. Muuguzi ni mwanamke mpole, kalamu sikioni. Anasema kila aliyeng'atwa machinjioni anaandikwa, na bwana afya anakuja kumhoji mwenyewe. Yuko chumba cha pili, nasikia anakohoa.

Shemeji kasikia hilo akasimama. "Nilijikata na kisu, sista. Mke wangu ana wasiwasi tu." Kaunyoosha mkono. Matundu manne ya meno, kama umegongwa muhuri.

Muuguzi kayatazama. "Kisu chako kina meno, baba?"

Hakuna aliyecheka. Muuguzi akasema hawezi kumchoma mtu mzima sindano kwa nguvu. Akienda, aende. Lakini kama kuna mtu aliyeambiwa huyo mbwa alivyokuwa, aseme sasa.

Dada anasoma bango la chanjo ukutani. Amelisoma tangu tuingie.

Mhariri kapiga mara mbili. Ujumbe wake unasema anataka jina la mtia sumu. Sasa mbwa wameng'ata mtoto mtaa wa pili, habari imepanda ukurasa wa kwanza. Sijapokea.

Shemeji yuko mlangoni, mguu mmoja nje. Ananiangalia mimi, si mkewe. "Shem, mwambie ni kisu. Wewe wanakuamini."

Muuguzi naye kageuka, ananingoja. Bwana afya kafungua mlango wake, anauliza kuna nini hapa. Nimenyanyuka. Kalamu bado iko mkononi. "Ni mbwa," nimemwambia muuguzi, "na mate yalikuwa yanamtoka."